Oksijeni ikipungua, hamu ya kula hupotelea wapi?

Mwaka 1985, nchini Marekani, wanaume waliojitolea walikaa siku 40 ndani ya chemba maalumu huku mgandamizo wa hewa ukipunguzwa kidogo kidogo, hadi ukafikia ule wa kilele cha Everest. Hapakuwa na baridi wala mlima wa kukwea, na chakula kizuri kilikuwapo tele. Hata hivyo, ulaji wao ulishuka kwa zaidi ya asilimia 40, na kwa wastani kila mmoja alipungua zaidi ya kilo 7. Jaribio hilo, Operation Everest II, huwa nawatajia wanaodai kwamba kula sana au kidogo ni suala la kujizuia tu.

Njaa huamuliwa kwa sehemu kubwa na haipothalamasi, eneo dogo katika sehemu ya chini ya ubongo linalopokea taarifa kutoka mwilini. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni ya grelini, iliyogunduliwa mwaka 1999, nayo huamsha njaa. Seli za mafuta hutoa leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, inayoujulisha ubongo kwamba akiba ipo, na njaa ikatulia. Utumbo nao una homoni zake za shibe, ikiwamo GLP-1, ambayo dawa mpya za kupunguza uzito huiga kazi yake. Wapo wanaotamani kuuziwa leptini ili wapungue. Ukweli ni kwamba mtu mnene kwa kawaida anayo nyingi tayari. Ubongo wake ndio umeacha kuitikia.

Sasa tuje kwenye oksijeni. Mlimani asilimia yake haibadiliki, ni ile ile 21. Kinachoshuka ni mgandamizo. Kwenye mita 5,500 kila pumzi huingiza karibu nusu tu ya oksijeni ambayo ingeingia ukiwa usawa wa bahari. Seli hulitambua hilo kwa protini iitwayo HIF, na waliofumbua namna seli zinavyopima oksijeni walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. HIF huwasha jeni nyingi, na katika seli za mafuta mojawapo ni ya leptini. Grelini nayo mara nyingi hupungua, hasa siku za mwanzo. Hivyo mtu hukaa mbele ya sahani iliyojaa, akala vijiko vichache, akaisogeza pembeni. Na kwa kuwa anahema kwa kasi na moyo unakwenda mbio, mwili wake unachoma nishati nyingi zaidi hata akiwa amekaa.

Kabla hujatamani kupunguza uzito kwa njia hii, tazama kilichopotea kule ndani ya chemba: sehemu kubwa haikuwa mafuta, bali misuli. Hilo ndilo linalotutia wasiwasi kwa wagonjwa wenye magonjwa sugu ya mapafu. Kuhema kwenyewe kunawala nguvu, wakila wanaishiwa pumzi, na tumbo likijaa huisukuma juu misuli ya kupumulia. Kwao kukonda si habari njema hata kidogo. Milo midogo ya mara kwa mara yenye mafuta na protini ya kutosha husaidia, na nguo zikianza kupwaya bila sababu daktari aambiwe mapema.

Kuna upungufu wa oksijeni wa namna nyingine, wa kuja na kuondoka, nao huandamana na unene. Anayekatikiwa na pumzi usingizini hukoroma, hunyamaza kwa sekunde kumi au zaidi, kisha hushtuka akivuta hewa kwa nguvu. Mara kadhaa kwa saa, usiku kucha. Usingizi uliokatwakatwa hivyo huvuruga homoni za njaa na utendaji wa insulini, na uzito unaoongezeka huzidi kuibana njia ya hewa. Mwenyewe huwa hajui. Anachojua ni kwamba ameamka na uchovu na kichwa kinauma. Ukienda kliniki, nenda na anayelala karibu nawe, maana yeye ndiye anayesikia mkoromo unapokatika.