Je, wajua kwa nini sungura walipimwa homa ili sindano iwe salama?

Siku ya kliniki, Lindi kama Mtwara, nesi humwambia mama kuwa mtoto akichemka usiku baada ya chanjo asishtuke. Nyumbani bibi ana maelezo yake: wadudu waliomo kwenye ile dawa hawakufa sawasawa.

Bibi ana sababu. Tumefundishwa sote kuchemsha maji, na mdudu akishakufa hana la kufanya. Kwa maji ya kunywa ni kweli. Kwa kitu kinachoingia mwilini kwa sindano, si kweli. Bakteria wa kundi kubwa liitwalo gramu hasi wana endotoksini, kemikali iletayo homa, kwenye ukuta wao wa nje, na endotoksini haifi kwa kuwa haikuwa hai. Mvuke wa nyuzi 121 unaotakasa vifaa vya hospitali huwamaliza bakteria wenyewe na kuiacha endotoksini karibu kama ilivyokuwa. Kwenye chupa za kioo huondolewa kwa joto kavu, nyuzi 250 kwa nusu saa hivi.

Mbanguaji wa korosho hahitaji maabara kulielewa hili. Korosho imeshaokotwa, imeanikwa, imekauka kau. Pasua ganda uone mafuta yake yanavyobabua vidole. Kinga ya mwili nayo ikikutana na ganda la bakteria haiulizi kama mwenyewe yu hai. Inapandisha homa. Chanjo ya pentavalenti, ya magonjwa matano, inayotolewa Tanzania ina bakteria wazima wa kifaduro waliouawa, hivyo ganda limo, tena kwa makusudi. Wamekufa vizuri tu.

Tatizo ni ganda lisilotakiwa. Mwaka 1923 Mmarekani Florence Seibert alionyesha kuwa hata maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha kupozwa, yaliweza kuleta homa yakidungwa, kwa sababu matone madogo yalirushwa na mvuke yakabeba mabaki ya bakteria hadi chombo cha pili. Ndipo sungura akaajiriwa. Mwaka 1942 kipimo chake kiliingia kwenye kitabu rasmi cha viwango vya dawa cha Marekani: sungura watatu, sindano ya dawa inayopimwa kwenye mshipa wa sikio, kipimajoto kwa nyuma, kisha kusubiri saa tatu. Hakutakiwa kufa. Kazi yake ilikuwa kupata homa, au kutoipata.

Mbadala wake, ajabu, alikuwa mnyama mwingine. Limulasi ana gamba la mviringo na mkia kama mwiba. Hufanana na kaa lakini ujamaa wake ni na buibui na nge. Damu yake ni ya buluu kwa sababu ya shaba, na ikiguswa na endotoksini huganda. Mtafiti Frederik Bang alieleza jambo hilo mwaka 1956, kisha yeye na Jack Levin wakaligeuza kipimo. Mvuvi wa Mikindani hatamkuta wavuni: anaishi pwani za Amerika Kaskazini na Asia. Hukamuliwa damu na kurudishwa baharini, na makadirio ya wanaokufa baadaye yanapishana, mengi yakiwa kati ya asilimia 15 na 30.

Huko Singapore, wanasayansi Ding Jeak Ling na Ho Bow walichukua jeni ya protini ya kwanza kuinusa endotoksini katika damu hiyo, wakaizalisha kwenye seli za maabara. Kwa kipimo hicho limulasi hahitaji kukamuliwa. Ila protini hiyo huona endotoksini peke yake. Uchafu mwingine uletao homa huupita. Kwa huo kuna kipimo kinachotumia chembe nyeupe za damu ya binadamu, na mwaka 2024 Ulaya iliamua kumwondoa sungura kwenye viwango vyake vya kupima homa.