Kuigeuza Comet 4B ya Airfix iwe Comet 4 ya East African Airways

Seti ya plastiki ya kuunda modeli ya Comet, ndege ya abiria ya jeti ya Uingereza, inayoonekana mara nyingi kwenye minada ya mtandaoni ni ile ya kampuni ya Airfix ya kipimo cha 1:144, iliyotoka Uingereza miaka ya 1960 na kurudi sokoni mara kadhaa baadaye. Ni seti nzuri kwa umri wake, ila ina jambo moja ambalo fundi wa Afrika Mashariki lazima alijue kabla ya kufungua gundi: plastiki iliyomo ni ya Comet 4B, ndege ya BEA (British European Airways). East African Airways (EAA), shirika la pamoja la nchi za Afrika Mashariki, ilinunua Comet 4. Ukiunga vipande kama karatasi ya maelekezo inavyosema, kisha ukabandika nembo ya simba, utakuwa umeiundia EAA ndege ambayo haikuinunua.

Tofauti ya aina hizi mbili ilitokana na kazi. BEA ilikuwa ikiruka ndani ya Ulaya na kandokando ya Mediterania, safari fupi fupi, kwa hiyo ilitaka bodi ndefu ya kubeba abiria wengi na bawa fupi la kwenda kasi. Mafuta mengi haikuyahitaji, ndiyo maana matangi ya mbele ya bawa yaliondolewa. EAA ilikuwa na shida nyingine kabisa. Ndege yake iliruka kutoka uwanja wa Embakasi, Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi na jua kali, ikielekea London. Hapo unataka bawa pana na mafuta ya kutosha.

Comet na ukanda wetu zilifahamiana mapema. Tarehe 2 Mei 1952 Comet 1 ya BOAC, shirika la Uingereza la safari za mbali, iliondoka London kwenda Johannesburg, safari ya kwanza ya ratiba ya ndege ya jeti yenye abiria wa kulipa, na Entebbe ilikuwa kituo njiani. Ajali za mwaka 1954 zikaisimamisha Comet ya kwanza, mpaka Comet 4 ilipoanza kazi mwaka 1958 ikiwa na bodi iliyosanifiwa upya. EAA ilipokea mbili mwaka 1960, zenye namba za usajili VP-KPJ na VP-KPK, halafu VP-KRL ikafuata mwaka 1962. Hizo ndizo ndege zilizoliingiza shirika letu kwenye zama za jeti, kabla ya jeti zake za baadaye, Super VC10, kufika, na mimi naamini zinastahili kuwekwa kabatini zikiwa na umbo lake halisi.

Kazi huanzia kwenye hesabu. Comet 4 ina urefu wa mita 33.99 na upana wa mabawa wa mita 35.00. Comet 4B ina urefu wa mita 35.97 na mabawa ya mita 32.87. Gawanya tofauti kwa 144. Bodi inatakiwa kupungua milimita 13.8, na mabawa kuongezeka milimita 14.8, yaani 7.4 kila upande. Modeli iliyokamilika itakuwa na urefu wa karibu milimita 236 na mabawa ya milimita 243. Andika namba hizo ukutani mbele ya meza. Kisha pima plastiki yako kwa rula kabla ya kuiamini, kwa sababu kalibu za zamani hazikuwa kamili kila mahali, na unachotafuta ni kipimo cha mwisho, siyo kiasi ulichokata.

Bodi ya 4B iliongezwa mbele ya bawa na nyuma yake, kwa hiyo na sisi tunapunguza pande zote mbili, karibu milimita 7 kila mahali. Ukiondoa zote upande mmoja bawa litakaa mahali pasipo pake, na jicho linaligundua hilo haraka kuliko kosa lolote la rangi. Mimi huunga kwanza nusu mbili za bodi, kushoto na kulia, nikaziacha zikauke mpaka gundi isinuke tena. Hapo nachora mstari mmoja juu ya mgongo na mwingine tumboni, kutoka puani hadi mkiani. Mistari hiyo miwili ndiyo itakayoniambia, wakati wa kuunga tena, kama kipande kimezunguka hata kidogo.

Alama za kukata nazizungushia utepe mnene wa plastiki, ule wa kuchapia majina ya mafaili, kwa sababu ukingo wake unaongoza msumeno. Kata mahali ambapo bodi bado ni duara sawasawa: mbele, kabla ya maungio ya bawa kuanza kuvimba, na nyuma, baada ya kuisha. Ukisogea zaidi kuelekea mkia, bodi inaanza kusinyaa na vipande vitakutana vikiwa na vipenyo tofauti. Tumia msumeno wa wembe wenye meno madogo, na kata upande wa nje wa mstari, upande ule wa kipande kinachotupwa. Meno ya msumeno nayo yanakula plastiki. Ukishakata, saga kwa msasa uliobandikwa kwenye kioo mpaka ufike kwenye mstari wenyewe.

Ndani ya kila ungio naweka mkanda wa plastiki bapa ya unene wa nusu milimita, nimeukunja kuwa pete, nusu ndani ya kipande hiki na nusu ndani ya kile. Bila pete hiyo ungio litashika leo, halafu litapasuka siku utakapolibana kwa vidole wakati wa kusaga.

Madirisha yana mjadala wake. Seti inakuja na matundu na vipande vya plastiki angavu. Baada ya kukata, nafasi kati ya dirisha na dirisha mara chache hulingana kwenye maungio. Ushauri wangu ni kuyaziba yote na kuyarudisha baadaye kwa stika. Bandika vipande angavu kwa ndani, jaza mashimo kwa supagluu, na saga ndani ya saa moja au mbili. Supagluu hainywei kama puti inavyofanya, lakini ukiiacha mpaka kesho inakuwa ngumu kuliko plastiki yenyewe, na msasa utakula bodi pembeni na kuacha vilima palipo na madirisha. Kwenye kipimo hiki dirisha la stika, lenye umbo la yai kama Comet 4 ilivyokuwa nalo, linapendeza kuliko tundu lenye kingo nene.

Sasa mabawa. Kuyarefusha ni kazi ya subira kuliko ya nguvu. Ondoa ncha ya mviringo, bakiza ukingo ulionyooka, kisha unga tabaka za plastiki bapa mpaka zipite urefu unaoutaka. Acha zikae siku nzima. Halafu weka rula juu ya ukingo wa mbele na wa nyuma wa bawa la zamani, endeleza mistari hiyo hadi kwenye plastiki mpya, na uchonge kuifuata. Bawa la Comet linaendelea kusinyaa hadi mwisho, kwa upana na kwa unene. Wengi hukumbuka upana na kusahau unene, matokeo yake ncha inabaki nene kama kisigino cha ndala. Litazame bawa kutokea mbele, ulisogeze karibu na jicho, na usage mpaka mteremko usikatike popote.

Kitu kitakachomwambia mtu mwenye macho kwamba hii ni Comet 4 ni yale matangi mawili yanayochomoza kwenye ukingo wa mbele wa mabawa, nje ya magurudumu. Kwenye seti ya 4B hayamo. Mimi huyatengeneza kwa fremu nene ya plastiki inayoshikilia vipande vya seti, ile ambayo watu huitupa. Unga vipande viwili au vitatu pamoja, viache vikauke vizuri, kisha vizungushe kwenye drili ndogo huku ukivigusa kwa msasa hadi ncha ya mbele ichongoke taratibu. Upande wa nyuma unachimbwa mfereji ili tangi likae juu na chini ya bawa, siyo kugota tu mbele yake. Tengeneza yote mawili kwa wakati mmoja, yakiwa sambamba mezani. Tangi la pili likitengenezwa siku nyingine halifanani na la kwanza.

Kwa mahali hasa pa kuyaweka, tumia picha, na uwe mkali katika kuzichagua. Mtandaoni kuna Comet nyingi zilizoandikwa jina tu bila aina. Zitambue hivi: bodi ndefu bila matangi ni 4B, bodi ndefu yenye matangi ni 4C, bodi fupi yenye matangi ni 4, ndiyo yetu. Ndege nzuri ya kufuatia ni G-APDB iliyohifadhiwa Duxford, Uingereza, kwa sababu ni Comet 4, mojawapo ya mbili zilizofungua safari za jeti za abiria kuvuka Atlantiki tarehe 4 Oktoba 1958. Zile za East Fortune, Scotland, na Bruntingthorpe ni 4C. Zitakufaa kwa matangi, lakini usipimie bodi.

Injini nne za Rolls-Royce Avon zimefichwa ndani ya maungio ya bawa, na huo ndio uzuri wa Comet: hakuna kitu kinachoning'inia chini. Kwa hiyo midomo ya kuingizia hewa inabeba sura yote ya mbele ya ndege. Kwenye seti za umri huu kingo zake ni nene. Zipunguze kwa kisu kutokea ndani mpaka ziwe nyembamba, kisha paka ndani kijivu iliyokoza. Rangi nyeusi tupu hufanya zionekane kama doa.

Mistari ya mabati iliyoinuka juu ya plastiki naiondoa yote. Fikiria hesabu: mstari wenye unene wa milimita 0.2 ni karibu sentimita 3 kwenye ndege halisi, na hakuna abiria ambaye angepanda ndege yenye matuta hayo. Saga, kisha chora upya kwa sindano ile mistari michache inayoonekana ukiwa mbali: usukani wa mkia, mabapa ya nyuma ya bawa, milango. Zaidi ya hapo ni kuichosha modeli.

Kabla ya kuunga tena bodi uliyoikata usisahau uzito puani. Comet inasimama kwa gurudumu la mbele, na sehemu kubwa ya plastiki iko nyuma, kwa hiyo bila uzito itakalia mkia. Chubwi ndogo za wavuvi zinafaa sana. Zigandishe kwa epoksi nyuma ya chumba cha marubani, jaribu kwa kushikilia mabawa pale magurudumu makuu yatakapokaa, na ongeza chubwi moja zaidi ya unavyodhani inatosha. Ukishapunguza bodi mbele, pua imesogea karibu na bawa na inahitaji uzito zaidi kuliko seti ilivyokusudia.

Rangi: praima ya kijivu kwanza, maana ndiyo inayofichua maungio mabaya. Huu mzunguko wa praima, kuona kasoro, kujaza na kusaga usiukatishe mapema. Halafu nyeupe juu, kwa mapito mepesi mengi. Tunaoishi pwani tuna adui wa ziada. Siku za mvua, kiyeyushi kikivukiza kinaipoza rangi, unyevu wa hewani unaganda juu yake, na nyeupe inayong'aa inakuwa na ukungu. Pulizia mchana wa jua, kivulini, na usipulizie siku nguo hazikauki kambani. Chini ya mstari wa madirisha tumbo ni la bati linalong'aa. Rangi ya fedha inataka msingi laini unaong'aa, na kila mkwaruzo wa msasa utaonekana, kwa hiyo malizia na msasa wa namba 2000 na maji.

Stika za EAA utachapa mwenyewe. Printa ya kawaida haichapi nyeupe, kwa hiyo maandishi yanayokaa juu ya nyeupe yachapwe kwenye karatasi angavu, na nembo yenye nyeupe ndani ichapwe kwenye karatasi nyeupe na kukatwa ukingoni kabisa. Ikiwa printa ni ya wino, pulizia vanishi mara mbili tatu kabla ya kulowesha, la sivyo simba wako ataogelea.

Namba ya usajili ichague pamoja na mwaka. VP-K ilikuwa ya Kenya ya ukoloni, na modeli ya mwaka 1960 inapaswa kusoma VP-KPJ au VP-KPK. Baada ya uhuru ndege ziligawanywa kwenye madaftari ya nchi wanachama, ndipo zikaja 5X ya Uganda, 5H ya Tanzania na 5Y ya Kenya. Ukitaka 5H-AAF, basi na rangi za ndege nzima ziwe za kipindi hicho, kwa sababu shirika lilibadili mapambo yake kadiri miaka ilivyokwenda. Tafuta picha moja yenye mwaka na namba inayosomeka, uifuate hiyo hiyo kutoka puani hadi mkiani, na usichanganye na picha ya pili hata kama ni nzuri zaidi.