Kigawa mzigo cha kontena: kinagawa miunganisho au maombi?

Ukitaja kontena Mombasa, watu wataona Kilindini, kreni na foleni ya malori Changamwe. Kontena ya programu ni kifurushi chenye programu na kila inachohitaji ili iende. Kifurushi hicho huendeshwa kwa nakala kadhaa kwa pamoja, na mbele yake hukaa kigawa mzigo kinachoamua mteja ahudumiwe na nakala ipi. Mfano wa bandari bado unafaa. Karani wa getini anaweza kutazama namba ya lori tu na kulielekeza gati, au anaweza kuomba karatasi, asome mna shehena gani, ndipo aamue.

Karani wa namba ya lori ni kigawa mzigo cha tabaka la 4 (mtandao huelezwa kwa matabaka: la 4 ni la miunganisho, la 7 ni la maombi ya programu). Husoma anwani ya IP na poti, huchagua nakala, basi. Ni chepesi na hupitisha chochote kinachosafiri kwa TCP au UDP, njia mbili za kusafirisha data mtandaoni. Karani wa karatasi ni wa tabaka la 7. Yeye hufungua TLS, yaani usimbaji unaoficha mawasiliano, husoma jina la tovuti, njia na vichwa vya ombi la HTTP, kwa hiyo anaweza kupeleka /viti kwenye podi hizi (podi ni nakala inayoendeshwa ya kontena) na /malipo kwenye zile. Kazi hiyo hula CPU zaidi, na ni lazima apewe vyeti vya TLS.

Tofauti inayoumiza watu ni hii: tabaka la 4 hugawa miunganisho, tabaka la 7 hugawa maombi. Chukua programu ya kukatia tiketi za mabasi yanayoondoka Mwembe Tayari, inayoendeshwa juu ya Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena kwenye seva nyingi. Sehemu ya tiketi huuliza sehemu ya viti kwa gRPC, njia ya programu kuitana, ambayo hutumia HTTP/2: muunganisho mmoja hubeba maelfu ya maombi na hukaa wazi kwa saa nyingi. Service (anwani moja inayosimama mbele ya podi) ya kawaida ya Kubernetes, yaani ClusterIP, ni ya tabaka la 4. Kube-proxy, sehemu ya Kubernetes inayotekeleza Service, ikitumia iptables (kanuni za mtandao za Linux) huchagua podi kibahati, na huchagua mara moja tu, pale muunganisho unapofunguliwa. Idd inakaribia, wasafiri wanafurika, unaongeza podi za viti kutoka 4 hadi 10. Zile 6 mpya zinakaa bure huku 4 za zamani zikielemewa. Kuongeza nyingine 10 hakutabadili kitu, kwa sababu hakuna muunganisho mpya unaofunguliwa.

Dawa ya kwanza ni kuweka katikati kigawa mzigo kinachoelewa HTTP/2, kama Envoy au Linkerd. Ya pili ni kuandika clusterIP: None kwenye Service, ili DNS (mfumo unaotafsiri majina kuwa anwani) impe mteja anwani za podi zote, naye agawe mwenyewe kwa zamu. Hii ya pili ina mtego: mteja wa gRPC haulizi DNS upya mpaka muunganisho ukatike, hivyo podi mpya hatazijua. Iambatanishe na ukomo wa umri wa muunganisho upande wa seva, tuseme dakika 5. Websocket (muunganisho wa pande mbili unaokaa wazi) nayo ina tabia hiyohiyo, na hapo hata tabaka la 7 halisaidii, maana ombi lenyewe ni moja tu, la kufungua mlango.

Trafiki ya kutoka nje ina njia zake. NodePort hufungua poti moja kati ya 30000 na 32767 kwenye kila nodi, yaani kila seva inayoendesha podi; ni nzuri kwa majaribio. Aina ya LoadBalancer humwomba mwenye wingu akutengenezee kigawa mzigo, na kila Service hupata chake, kwa hiyo Service 12 ni bili 12. Ndiyo sababu wengi huweka kimoja tu mbele, kisha Ingress au Gateway API, kanuni za Kubernetes za kuelekeza trafiki ya nje, ndani igawe kwa majina na njia. Anayeanza leo tungemshauri Gateway API, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2023. Mradi wa ingress-nginx, mojawapo ya programu zinazotekeleza Ingress, ulitangaza Novemba 2025 kwamba matunzo yake yangekoma Machi 2026.

Kama seva zako ziko kwenye rafu ya ofisi hapa mjini na si kwenye wingu, Service ya LoadBalancer itabaki imeandikwa "pending" siku zote, kwa kuwa hakuna wa kuijibu. MetalLB, programu inayotoa anwani za LoadBalancer bila wingu, huziba pengo hilo. Fahamu tu kwamba katika hali yake ya tabaka la 2, nodi moja ndiyo hupokea trafiki yote ya anwani husika. Ikifa, nyingine hushika. Ukitaka trafiki igawanyike kweli kati ya nodi, tumia BGP (itifaki ya ruta kupashana njia), na ruta yako iwe inaikubali.

Hitilafu za kawaida huja wakati wa kubadilisha toleo. Podi inapofutwa, Kubernetes huiambia ijifunge na wakati huohuo huanza kuitoa kwenye orodha ya wapokeaji. Mambo hayo mawili hayasubiriani, hivyo kwa sekunde chache maombi hufika kwa podi iliyokwisha kufunga mlango, na mteja huona kosa 502, yaani kigawa mzigo hakikupata jibu sahihi kutoka kwa seva. Weka preStop (hatua inayofanywa kabla ya kujifunga) ya kulala sekunde 10, ukikumbuka kwamba muda huo hukatwa kwenye zile sekunde 30 za kawaida za kujifunga.

Kosa la 502 linalotokea mara mojamoja bila mabadiliko yoyote mara nyingi lina sababu nyingine: muda wa kushikilia muunganisho. ALB, kigawa mzigo cha tabaka la 7 cha AWS (wingu la Amazon), hushikilia muunganisho usio na kazi sekunde 60, ilhali seva ya Node.js kwa kawaida huukata baada ya sekunde 5. Kigawa mzigo hutuma ombi kwenye waya ambao seva imeshauacha. Muda wa seva sharti uzidi wa kigawa mzigo; weka sekunde 65.

Na kipimo cha readiness (kinachoonyesha kama podi iko tayari kupokea maombi) kisitegemee hifadhidata. Kwa mipangilio ya kawaida hupimwa kila sekunde 10, na kikishindwa mara 3 podi hutolewa. Hifadhidata ikizubaa nusu dakika, podi zote hutoka pamoja, na hata ukurasa wa ratiba ya mabasi, usiohitaji hifadhidata, haufunguki.