Taa ya Geti Isisubiri Seva ya Ng'ambo

Unapogusa simu ili kuwasha taa iliyo hatua tatu kutoka ulipokaa, mara nyingi amri yako haiendi moja kwa moja kwenye taa hiyo. Inatoka kwenye simu hadi kwenye ruta, inapita mnarani, inaingia mkongo wa baharini na kufika kwenye seva ya mtengenezaji, huko Asia, Ulaya au Marekani. Inaandikwa pale, kisha inarudi safari yote hiyo mpaka kwenye balbu iliyo juu ya kichwa chako. Kwa kuwa hayo yote huisha kufumba na kufumbua, wengi hawajui kama yanatokea. Mimi niliyaona usiku ambao bando la ruta liliisha. Umeme upo, ruta inawaka, simu na balbu ya geti ziko kwenye Wi-Fi moja, lakini aplikesheni inazungusha kiduara tu na mgeni amesimama gizani nje. Nilitoka na tochi.

Kazi yangu ni usalama wa mifumo ya TEHAMA, na kila wiki kuna anayejenga au kukarabati nyumba anayeniuliza anunue swichi, soketi au kamera gani za kuendeshea kwa simu. Kabla ya bei na kabla ya chapa, namwomba amuulize muuzaji jambo moja: intaneti ikikatika, kifaa hiki kitafanya kazi? Kama jibu ni hapana, basi unanunua kifaa ambacho mwenye usukani wake ni mtu mwingine.

Na huyo mwenye usukani anaona mengi. Tuliwahi kuchomeka soketi janja yenye kipimo cha umeme jikoni kwa mwenzetu mmoja wa ofisini, kwa ridhaa yake, ikakaa wiki nzima. Tulipoisoma tulikuta birika linachukua umeme saa 11:20 alfajiri kila siku ya kazi, dakika nne tu. Mchana kutwa kimya. Alhamisi kimya hicho kiliendelea hadi saa 4 usiku. Jumapili birika liliwaka mara tano kabla ya adhuhuri. Tukamwambia: unaamka kabla ya adhana, mchana nyumba haina mtu, Alhamisi ulichelewa kurudi, Jumapili ulikuwa na wageni. Alicheka, kisha akanyamaza. Hapakuwa na picha wala sauti, ni wati na saa tu. Mwizi angezitaka hizo wati, na mfanyabiashara wa matangazo pia.

Hofu hii ina ushahidi. Mei 2023, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki Ring, kampuni ya kamera iliyo chini ya Amazon, kwa kuwaacha wafanyakazi na makandarasi wake watazame video za faragha za wateja. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Februari 2024, wateja wapatao 13,000 wa kamera za Wyze walionyeshwa picha kutoka kamera za watu wengine baada ya hitilafu ya mfumo. Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni ya Marekani ya swichi janja, zilizimwa bila taarifa, na swichi zilizokuwa ukutani kwa watu miaka mingi zikaacha kuitikia simu. Habari ya Insteon ina upande wa pili ambao ndio hasa ninaotaka kuueleza: baadhi ya wateja hao walichukua vifaa vilevile, wakaviunganisha na programu huria nyumbani mwao, na taa zikaendelea kuwaka.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, kwamba yeyote mwenye ujuzi anaweza kuusoma, kuukagua, kuurekebisha na kuugawa kwa mujibu wa leseni yake. Kwa nyumba, inayotumika sana ni Home Assistant, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Mholanzi Paulus Schoutsen. Tangu Aprili 2024 iko chini ya Open Home Foundation, taasisi isiyotafuta faida yenye makao Uswisi. Ipo pia openHAB, iliyoanza mwaka 2010. Home Assistant unaiweka kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi au hata kompyuta kuukuu iliyolala kabatini, na kuanzia hapo kompyuta hiyo ndiyo seva yako. Simu inazungumza nayo kupitia ruta ya nyumbani, nayo inazungumza na taa. Haitumi takwimu za matumizi yako kwa watengenezaji mpaka wewe mwenyewe ukubali.

Lugha ambayo vifaa hivi hupenda kuitumia inaitwa MQTT, na historia yake inanivutia sana. Ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo kila baiti ilikuwa na gharama. Ndiyo maana ni nyepesi mno. Ifikirie kama ubao wa matangazo mmoja ulio katikati ya nyumba. Simu inabandika tangazo kwenye mada ya «nyumba/geti/taa» lenye neno «washa». Swichi ya geti, ambayo kazi yake ni kutazama mada hiyo tu, inaliona na kuwasha. Pampu ya maji inatazama mada yake, na kipimo cha tangi kinabandika chake. Msimamizi wa ubao huo ni programu nyingine huria, Mosquitto, inayokaa ndani ya kompyuta ileile. Hakuna neno lililovuka ukuta wa nyumba.

Swichi nyingi za bei nafuu zimejengwa juu ya chipu za ESP8266 au ESP32 za kampuni ya Espressif ya Shanghai. Kwa hizo unaweza kufuta programu ya kiwandani na kuweka programu huria ya Tasmota au ESPHome, na kifaa kikaacha kabisa kupiga simu ng'ambo. Lakini chunguza kabla ya kununua, kwa sababu chapa ileile inaweza kubadilisha chipu toleo hadi toleo. Na hili nalisisitiza: ukifungua kifaa ili kukiwekea programu kwa waya, kisiwe kimechomekwa kwenye umeme wa nyumba hata kidogo. Chipu inakula volti 3.3, soketi yako ina volti 230, na ndani ya vifaa vya bei rahisi viwili hivyo mara nyingi havijatenganishwa. Tumia adapta maalumu ya USB, kisha mwite fundi umeme akufungie. Asiyetaka kufungua chochote anunue vifaa vya Zigbee, aina ya mawasiliano ya redio ya masafa mafupi isiyotumia Wi-Fi wala intaneti. Antena ndogo ya USB pamoja na programu ya Zigbee2MQTT vinatosha.

Kwetu ambako umeme hukatika, kadi ya kumbukumbu ya Raspberry Pi huharibika mapema. Weka diski ya SSD na betri ndogo ya kushikilia kompyuta na ruta, na nakala ya mfumo mzima iwe mahali pengine.

Uhuria peke yake hauleti usalama. Machi 2023 Home Assistant ilitangaza tundu kubwa lililokuwa ndani ya mfumo wake tangu 2017. Lilizibwa na likaelezwa hadharani, jambo ninaloliheshimu, ila aliyepuuza kusasisha alibaki wazi. Mwaka 2016 virusi vya Mirai viliteka kamera na mashine za kurekodia kwa maelfu kwa kutumia nywila za kiwandani tu. Kwa hiyo badilisha nywila, sasisha, na usifungue mlango (port) wa ruta kwa intaneti yote ili uione nyumba ukiwa safarini. Tumia njia iliyofichwa (VPN) kama WireGuard.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Kenya wana yao ya 2019. Zinakupa haki ya kuuliza taarifa zako zinatumikaje. Kumfuatilia mwenye seva aliye bara jingine ni kazi nyingine, ndiyo maana nashauri taarifa zisitoke tangu mwanzo.

Zikishabaki nyumbani, sasa mwenye seva ni wewe, na hili husahaulika. Dada wa kazi, mpangaji wa chumba cha uani, mwanao wa miaka kumi na sita, wote sasa wanaonekana na wewe. Baba mmoja alinionyesha kwa fahari jinsi anavyojua dada alifungua jokofu mara ngapi. Nilimuuliza kama dada mwenyewe anajua. Hakujua. Tulikaa na baba huyo siku hiyohiyo, tukaondoa kihisi cha jokofu, kamera ya sebuleni tukaipangia izime kila mwenye nyumba anapokuwepo, na kumbukumbu ambazo Home Assistant huzihifadhi siku 10 tukazishusha hadi 2. Kisha akamwita dada, akamwonyesha kamera iko wapi, inarekodi saa ngapi, na swichi ya kuizima iko upande gani wa mlango.