Mlima wa saizi ya kiberiti: umbali uko kwenye rangi

Mtu akiona picha zangu swali la kwanza ni macho, eti we hayakuumi? Maana mlima mzima umekaa kwenye kikaratasi cha sentimita 5 kwa 3 na nusu, kama boksi la kiberiti hivi. Macho sio taabu jamani, nina lenzi ya fundi saa na nachora asubuhi dirishani hapa Ngamiani, Tanga. Taabu ni umbali.

Sikusomea uchoraji. Miaka ya mwanzo nilikua naipaka Usambara kijani, si nimepanda Amani mara nyingi na najua kule ni misitu na chai tu, na kila picha inatoka kama kichuguu, nikiupunguza mlima napata kichuguu kidogo zaidi. Siku moja niko Muheza nasubiri gari la Amani, saa moja asubuhi, nikachuma jani la muembe nikalinyoosha mbele ya jicho sambamba na mlima. Jani kijani, mlima bluu, bluu kabisa, na safu ya nyuma yake imefifia mpaka karibu ifanane na anga. Kumbe miaka yote jicho linaniambia bluu na mi nalikatalia.

Ni hewa ile. Hewa inatawanya mwanga wa bluu kuliko mwekundu, kwa hiyo ikiwa nyingi kati yako na kitu, kitu kinaingia bluu na kupauka, na huku kwetu kuna mvuke wa bahari unaongeza weupe. Basi safu ya mbali naipiga altramarini, ile bluu iliyokolea, na tone la kahawia, maji mengi, inayofuata naikoleza kidogo, afu mkonge wa huku mbele ndo unapata kijani chenyewe na kivuli kikali. Nyeusi usiipeleke mbali hata nukta, mlima unarudi mlangoni hapohapo.

Brashi nayo, wanaoanza wanakimbilia namba 000 wakidhani picha ndogo brashi ndogo, ile nywele zake chache hazibebi maji, rangi inakauka njiani kabla haijagusa karatasi, na feni ikiwa inazunguka ndo kabisa. Mi natumia namba 2 yenye ncha kali, ncha ndo inachora. Karatasi iwe laini, isiyo na vinundu.

Na hili nalipenda sana: picha hizi zinaitwa miniatura, wengi tunadhani ni kwa ajili ya udogo, kumbe neno limetoka kwenye minium, Kilatini cha ile rangi nyekundu ya madini ya risasi waliyokua wanapambia vitabu vya kuandikwa kwa mkono. Yaani jina lenyewe ni la rangi.

Sa hivi nina moja mezani, safu ya nyuma nishaipitia mara 4 kwa rangi ya majimaji na masika hii karatasi haikauki haraka. Mkonge nitauweka kesho.