Begi Halijampindisha Mwanao Mgongo

"Begi hili ndilo lililompindisha mwanangu mgongo." Hapana, silo. Nimeshalisema hili mpaka ulimi unakaribia kuota sugu, na bado watoto wanaletwa kliniki na mabegi yao yakibebwa nyuma yao kama kielelezo mahakamani.

Mgongo uliopinda kweli, yaani skoliosisi, si mgongo ulioegemea upande. Pingili zinakwenda pembeni na papo hapo zinajizungusha, mfano wa ngazi za mnarani. Huko kujizungusha ndiko kunakozisukuma mbavu za upande mmoja zitokeze nyuma. Kwenye eksirei tunaanza kutumia jina hilo mkunjo ukifika nyuzi 10. Aina iliyo nyingi huwatokea watoto walio katika umri wa kurefuka haraka, chanzo chake hakijulikani, na mara nyingi inajirudia katika familia. Hakuna ushahidi kwamba begi linaianzisha. Begi likining'inia bega moja, mtoto anaegemea upande wa pili ili asipepesuke, basi. Litoe begi, asimame wima. Akinyooka, ulichokiona kilikuwa ni mwili kutafuta mizani.

Ukitaka kujua zaidi, mvue shati usimame nyuma yake. Miguu pamoja, magoti yamenyooka, viganja vimekutana. Ainame polepole, mikono ikining'inia, mpaka mgongo uwe sambamba na sakafu. Shusha macho yako yawe usawa wa mgongo wake, kama seremala anayechungulia ubao kuona kama umenyooka. Upande mmoja ukiinuka kuliko wa pili, mbavuni au kiunoni, mpeleke akachunguzwe. Tofauti ikipotea akiinama akiwa ameketi, pima kwanza urefu wa miguu, huenda mmoja ni mfupi.

Kinachoniudhi si ubishi wenyewe, ni muda unaopotea. Mzazi aliyekwisha kulihukumu begi hununua jingine, kisha anasubiri mgongo ujinyooshe. Mtoto wa miaka 12 anayerefuka hana miezi ya kusubiri. Mkunjo wa nyuzi 25 kwa anayekua bado unaweza kuzuiwa usiendelee, kwa koti gumu la kuushikilia mgongo linalovaliwa saa nyingi kila siku. Ukipita 45 au 50, mazungumzo yanageuka kuwa ya upasuaji. Na usingoje alalamike, kwa sababu mikunjo mingi ya aina hii haiumi.

Kibiongo nacho kinasingiziwa begi hilohilo. Mlaze kifudifudi, ainue kifua. Mgongo ukinyooka, ni mazoea ya kukaa kwa kujikunja. Ukibaki na duara lake, huenda kuna pingili zilizobonyea upande wa mbele. Na kama ni nundu yenye kona kali katikati ya mgongo, habari ya begi iache kabisa: kifua kikuu cha uti wa mgongo ni miongoni mwa mambo ya kwanza kutafutwa.

Kwa hiyo begi halina hatia? Sikusema hivyo. Linachosha, linafanya shingo itangulie mbele, na mikanda myembamba inabana mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi mpaka vidole vinaingia ganzi. Kuhusu maumivu ya mgongo wenyewe, ngoja niseme ambalo mabango ya ukutani hayasemi. Ile kanuni kwamba begi lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto imeegemea zaidi vipimo vya mkao, mwendo na pumzi, si watoto waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Mapitio ya mwaka 2018 yaliyokusanya tafiti 69 hayakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba uzito wa begi unaongeza hatari ya maumivu ya mgongo. Kilichoonekana kuhusiana kidogo na maumivu ni jinsi mtoto mwenyewe anavyolihisi begi lake kuwa zito. Muulize basi! Mimi bado natumia asilimia 10, kwa sababu mzazi anahitaji namba ya kuanzia, si kwa sababu kuna kitu kinavunjika ukifika 11.

Piga hesabu. Mtoto wa kilo 30 abebe kilo 3. Begi lenyewe tupu, lile gumu lenye mifuko kila upande, likiwa na kilo 1.2, na chupa ya maji ya lita moja ikiwa na kilo 1 ukiacha plastiki yake, zimebaki gramu 800 na hajaingiza daftari hata moja. Chupa iende tupu, ijazwe shuleni kama maji yapo.

Kitabu kizito kuliko vyote kikae upande unaogusa mgongo. Kikitiwa mfuko wa nje kinayavuta mabega nyuma, na mtoto anajibu kwa kuinama. Mikanda iwe miwili, mipana kama sentimita 5, yote mabegani, ikazwe mpaka kitako cha begi kisishuke zaidi ya sentimita 10 chini ya kiuno. Najua, wenyewe wanapenda lipige makalio kila hatua. Mkanda wa kifuani unazuia tu mikanda ya mabega isiteleze, hauondoi uzito. Wa kiunoni unauondoa, lakini ukae juu ya mifupa ya nyonga. Ukikaa tumboni ni pambo. Begi la magurudumu ni zuri mpaka mtoto akutane na ngazi, hapo analinyanyua kwa mkono mmoja, nalo ni zito kuliko la kawaida.

Akilivaa, liwe mezani kwanza, aligeuzie mgongo na apitishe mikono. Kulirusha begani kutoka sakafuni ndiko kunakotegua misuli.

Yapo maumivu ambayo hayahusiani na haya yote: yanayomwamsha usiku, yanayokuja na homa au kukonda. Huyo aonwe na daktari. Miguu ikilegea, au mkojo na choo vikianza kumponyoka, ni hospitali siku hiyohiyo, na begi libaki nyumbani.