Ukienda kwa mganga wa tiba asili, beba na vidonge vyako vya hospitali

Mimi ni mfamasia na kinachonisumbua sio watu kutumia miti shamba, ni kutumia kimya kimya. Kwa daktari hawasemi maana wanaogopa kufokewa, kwa mganga nako hawasemi kama wana vidonge vya hospitali. Chukua karela, lile tunda chungu la kijani, inashusha sukari kweli, sasa mtu kameza glibenclamide, kidonge cha kisukari, asubuhi halafu anashushia glasi nzima ya juisi ya karela, sukari inaporomoka, anatetemeka, jasho linamtoka, anaongea visivyoeleweka, nyumbani wanasema kapandisha mashetani.

Miti ina nguvu jamani. Hata dawa mseto ya malaria imetokana na mmea wa China, artemisia, mwanasayansi wa huko Tu Youyou akapewa Nobel 2015 kwa kazi hiyo, ila pale dawa ilitolewa kwenye majani ikapimwa dozi, ndio maana chai ya artemisia nyumbani haichukui nafasi ya mseto.

Sasa mganga mzuri utamjua kwa maswali. Atakuuliza unaumwa nini, tangu lini, una mimba au unanyonyesha, unatumia dawa gani, na hapo ndio unatoa vidonge vyako mezani. Atakwambia mti gani, ni mzizi, magome au majani, uchemshe na maji kiasi gani, na kikombe anachosema ni kipi, kuna cha kahawa na kuna kile cha bati cha uji, hiyo tofauti inaweza kukulaza hospitali. Tanzania tuna sheria tangu 2002, mganga anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, muombe cheti tu, sio dharau.

Akisema dawa moja inatibu presha, sukari, UKIMWI na nguvu za kiume, aga uondoke. Akisema acha ARV au insulini usiage hata. Tunakumbuka Samunge, Loliondo 2011, Babu alipogawa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500 akisema inatibu magonjwa sugu, wapo walioacha ARV baada ya kunywa.

Na ukianza dawa ya mganga ukaona macho ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, au miguu inavimba, acha hapo hapo, nenda hospitali siku hiyo hiyo na chupa au unga uliobaki, usiutupe kwa aibu, tunauhitaji tujue umekunywa nini.